Saratani ya urakasi: dhana potofu na ukweli wake

Mtoto akiwa tumboni mwa mama, kuna mrija unaounganisha kilele cha kibofu chake cha mkojo na kitovu. Mrija huo, urakasi, hujifunga na kubaki kamba nyembamba nyuma ya ukuta wa tumbo. Kwa watu wachache sana, seli zilizosalia humo hugeuka saratani. Haifiki asilimia 1 ya saratani zote za kibofu, ndiyo maana hata wahudumu wengi wa afya hawaifikirii.

Dhana: Damu kwenye mkojo ni kichocho tu.
Kwa mkazi wa Pemba, Kwale au Shinyanga, kupima kichocho kwanza ni sahihi. Mkojo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi. Kosa ni kurudia prazikwanteli, dawa ya kichocho, tena na tena, ilhali mayai hayaonekani na damu bado inakuja. Hapo kibofu kichunguzwe kwa kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo. Damu kukoma yenyewe si kupona. Hutoka, ikapotea, ikarudi. Ute kama kamasi kwenye mkojo hauonekani kwa wagonjwa wengi, lakini ukiuona mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Dhana: Mkojo haukuonyesha seli za saratani, basi hakuna saratani.
Uvimbe huu huanzia nje, ukala ukuta wa kibofu kuelekea ndani, kwa hiyo seli zake huenda zisifike kwenye mkojo. Kinachohitajika ni kamera, kinyama cha kupimwa maabara, na CT scan ya kifua, tumbo na nyonga. Picha ikionyesha uvimbe katikati, juu ya kibofu, wenye chembechembe za chokaa, shaka ya urakasi huwa kubwa. Kwa hadubini aina iliyo ya kawaida zaidi hufanana mno na saratani ya utumbo mpana, hivyo utumbo nao uchunguzwe kwa kamera.

Dhana: Uvimbe ukikwanguliwa kwa kamera, kazi imekwisha.
Hii ndiyo inayoumiza wagonjwa zaidi. Kukwangua kunatoa sampuli tu. Shina la uvimbe liko nje, kamera haifiki. Upasuaji unaostahili huondoa sehemu ya juu ya kibofu, kamba yote ya urakasi na kitovu chenyewe, vyote vikiwa kipande kimoja, na mara nyingi tezi za limfu za nyonga pia. Kamba ikikatwa katikati, ute wenye seli humwagika tumboni na saratani hurudi. Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari: kitovu nacho kitatolewa?

Dhana: Lazima kibofu chote kitolewe.
Kwa wengi hapana. Kinachobaki huendelea kuhifadhi mkojo.

Dhana: Dawa ni zile zile za saratani ya kawaida ya kibofu.
Ikishasambaa, madaktari wengi huchagua mchanganyiko wenye fluorourasili pamoja na sisplatini au oksaliplatini, karibu na tiba ya utumbo mpana. Mionzi ina nafasi ndogo.