Pengo la utajiri ni la mali, sio la mshahara wala la ukarimu

Jamani kila tajiri akijenga wodi au akigawa futari lazima atokee mtu aseme "huyu ndio anapunguza pengo la utajiri". Hapa Bagamoyo nalisikia mpaka kwenye vijiwe vya kahawa, na wengine wanalipeleka kwenye mishahara, eti bosi kaongeza posho basi gepu limepungua. Hapana ndugu zangu.

Kipato ni kile kinachoingia: mshahara, faida ya duka, hela ya samaki wa leo. Utajiri ni ulichonacho ukishatoa madeni: kiwanja, nyumba, shamba, hisa, akiba ya benki. Pengo la utajiri ni tofauti ya hivyo vya pili kati ya kundi na kundi. Maana yenyewe ndio hiyo tu.

Kinachoniuma ni kuvichanganya, maana ukivichanganya huoni tena rangi ilivyofanya kazi yake. Chukua Marekani ambako takwimu ziko wazi. Panga kaya zote kwa mstari halafu itazame ile ya katikati: mwaka 2022 kaya ya weusi iliingiza kama dola 53,000, ya wazungu kama 81,000. Ukiishia hapo utasema mweusi anapata kama theluthi mbili ya mwenzake, inauma ila inafikirika. Sasa njoo kwenye mali, mwaka huohuo, kwa hesabu za benki kuu yao: wazungu dola 285,000, weusi 44,900. Haifiki hata moja ya sita! Mshahara unaanza na wewe, mali inaanza na babu, na babu mweusi kuanzia 1934 serikali ilikuwa haimdhamini mkopo wa nyumba kisa mtaa anaokaa wanakaa weusi, basi nyumba haikununuliwa, haikurithiwa, mjukuu kamaliza digrii yake na bado anaanzia sifuri.

Na sisi tusidhani hayo ni ya huko tu. Uzunguni, uhindini, uswahilini, Mwingereza aliigawa miji hivyo kwa makusudi, shule kwa rangi, hospitali kwa rangi, na miaka ya 1920 akatunga sheria ya kuzuia Mwafrika asikopeshwe, ukimkopesha bila kibali asipolipa huna pa kumdai mahakamani. Sababu waliyotoa ni kumlinda na madeni. Lakini duka gani linakua bila mali kauli? Wahindi nao hawakuwa matajiri wote, wengi walikuwa makarani na wenye viduka vya kubangaiza, ila yule aliyekopeshwa na jamaa zake akajenga kwa mawe alikuwa na cha kumwachia mwanawe.

Hapo sasa ndio watu hunitajia Sewa Haji Paroo, na wana haki, maana ni wa hapahapa kwetu. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo, akiwauzia bidhaa na kuwatafutia wapagazi wasafiri wa kwenda bara, yule mpelelezi wa Kizungu Stanley akiwemo, na alifariki 1897. Alitoa jengo la shule kwa serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wasome humo, na kwa wakati ule sharti hilo lilikuwa zito mno. Hela yake pia ikajenga hospitali Dar es Salaam, ndio maana mpaka leo mgonjwa wako akilazwa Muhimbili unaweza kuambiwa "yuko Sewahaji". Namheshimu kwa dhati na Mungu amlipe.

Ila mtazame na mpagazi. Frasila mbili begani, yaani kama kilo thelathini na kitu, miezi na miezi, kutoka hapa pwani mpaka maziwa ya bara na kurudi. Tuseme aliugua akatibiwa hospitali ile, na mwanawe akasoma shule ile. Tiba kapata, elimu ya mtoto kapata, na hayo si madogo. Lakini siku anakufa anaacha nini? Shule ni ya serikali, biashara ni ya tajiri, kiwanja hana hati. Elimu inaweza kuzaa kipato na kipato kikazaa mali, sikatai, ila hiyo inachukua vizazi, na sheria ya mikopo ilikuwa njiani inawasubiri hao watoto.

Upande wa mtoaji nao uko vilevile. Warren Buffett, tajiri wa Marekani aliyetajirika kwa hisa, tangu 2006 ametoa zaidi ya dola bilioni 50, watu wengi wamepona na wamesoma kwa hela hiyo, na alipoanza kutoa alikuwa na bilioni arobaini na kitu, leo anazo zaidi ya 100. Hajamdanganya mtu, hisa zake tu zilikua haraka kuliko mkono wake ulivyotoa.

Kwa hiyo tajiri akitujengea wodi tuseme katujengea wodi, tumshukuru kwa jina na tumwombee dua, hiyo inatosha na ni heshima yake kamili. Pengo la utajiri ni habari nyingine, hilo ukitaka kulijua kaulize viwanja vya ufukweni hapa Bagamoyo hati zake zimeandikwa majina ya kina nani, na waliokuwa wanakaa hapo mwanzo waliondoka na nini.