Ruhusa ni kitu kimoja, mamlaka ni kitu kingine

Haipiti wiki sijamsikia mtu akilalamika eti anahamisha mafaili mengi kwenda kwenye seva kwa NFS (njia ya kutumia folda za seva kupitia mtandao kana kwamba ziko kwenye kompyuta yako) na "inaninyima ruhusa", ukimwambia hebu nionyeshe meseji yenyewe unakuta imeandikwa kitu kingine kabisa.

Ruhusa kwenye mafaili ni kibali cha kusoma, kuandika au kuendesha, anapewa mwenye faili, grupu lake na wengine wote. Zile rwx mnazozijua, r kusoma, w kuandika, x kuendesha. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu uko kwenye neno. Ruhusa imetoka kwenye Kiarabu, rukhsa, ndo hiyohiyo iliyotupa ruksa, na ukilitazama vizuri neno lina watu wawili ndani yake, anayetoa na anayepewa. Huwezi kupewa ruhusa kama hujulikani we nani. Sasa NFS ya kawaida, ile ya sec=sys, haikujui kwa jina hata kidogo, seva inapokea namba tu, UID (namba ya mtumiaji) na GID (namba ya grupu), ambazo kompyuta yako imejitajia yenyewe, kwa hiyo ukiwa 1000 huku na kule 1000 ni ya mtu mwingine basi kwa seva we ndo huyo mtu mwingine, bishana nayo ukipenda. Na grupu zinazosafiri na ombi mwisho 16, mwenye grupu 20, nne zinadondoka njiani (admini anaweza kuiambia seva izitafute yenyewe, manage-gids, ila wengi hawajawahi kuigusa). Halafu wanaotumia Kerberos (mfumo unaothibitisha we nani kwa tiketi ya muda), tiketi inaisha katikati ya kazi, amri iliyokuwa inakwenda vizuri asubuhi jioni inakataliwa na hakuna aliyebadilisha chochote.

Mamlaka sasa. Nayo ya Kiarabu, ukoo mmoja na miliki na umiliki. Hapa ndo watu wanachanganya, maana Linux ina majibu mawili tofauti na sisi yote tunayaita "imekataa ruhusa". Permission denied ni namba 13, hiyo kweli ni ruhusa, umefika mlangoni rwx ikakugomea. Operation not permitted ni namba 1, na mara nyingi maana yake jambo unalotaka kufanya si lako kulifanya, hata faili liwe wazi kwa dunia nzima.

Mfano mtu kaandika sudo rsync -a (rsync ni amri ya kunakili mafaili, sudo inaiendesha kwa nguvu za root, msimamizi mkuu wa kompyuta), kalala, asubuhi anakuta mistari elfu na kitu ya chown failed: Operation not permitted (1), chown ni kubadili mwenye faili, na chini kabisa code 23, yaani kuna vilivyokwama. Anashika kichwa, anadhani hakuna kilichokwenda. Kumbe data imefika! Kilichogoma ni zile o (mwenye faili) na g (grupu) zilizojificha ndani ya -a, rsync inataka kila faili liwe na mwenyewe yuleyule wa zamani, na kubadilisha mwenye faili kwenye Linux hata mwenye faili mwenyewe hawezi, ni kazi ya root. Na root wako hayupo tena, seva za NFS za Linux zina root_squash tangu mwanzo, root akibisha hodi anageuzwa nobody, kwa kawaida namba 65534. Yaani hiyo sudo uliyoiweka mbele ukidhani inakukuza ndo imekushusha.

Afu dawa anayokimbilia ni chmod -R 777, yaani kila mtu apewe ruhusa zote kwenye kila faili. Jamani. Kwanza mafaili laki kadhaa kwa mtandao utakaa hapo siku nzima, pili umefungua mlango ambao haukuwa umefungwa, tatu kesho chown itagoma vilevile kwa sababu 777 inagawa ruhusa, haigawi mamlaka.

Kwa hiyo ukiona mkstemp failed (rsync imeshindwa kuunda faili la muda) na 13 mwishoni, sawa, sema umenyimwa ruhusa, tutaangalia folda na tutaandika id (amri inayotaja namba zako) pande zote mbili tulinganishe namba. Ila ukiona chown na 1, usiniambie ruhusa, sema huna mamlaka ya kubadili mwenye faili, na kama wenyewe wa zamani hauwahitaji ongeza tu --no-o --no-g uendelee na kazi.