Dirisha la zahanati na afya yako: maswali na majibu

Kupona kwangu kunahusianaje na jengo? Si kazi ya daktari na dawa?

Jengo nalo lina mchango, na umepimwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala vyumba vinavyotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa 46 ni wachache, lakini utafiti huo uliwachochea wengi kutafuta ushahidi kabla ya kuchora ramani ya hospitali.

Kwa Dar es Salaam, tuanze na nini?

Hewa, tena kabla ya rangi na vigae. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, bakteria hubaki wakielea chumbani, na mama aliyeleta mtoto kliniki anawavuta akiwa kwenye benchi lilelile.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya hewa kutoka hospitali 8 za Lima, Peru. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika takriban mara 28 kwa saa. Kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mitambo ni mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari ya juu na madirisha makubwa, yaliyapita yale ya kisasa. Hapa kwetu tunayo hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 ufukweni kabisa, upepo wa bahari unakofika. Inasikitisha kwamba leo tunajenga vyumba vya kusubiri vilivyozibwa kila upande.

Kiyoyozi si kinasafisha hewa?

Hapana. Kile cha ukutani kwa kawaida hupoza hewa ileile iliyomo na kuizungusha. Ukikaa na mtu anayekohoa, chumba baridi kilichofungwa ni hatari kuliko kibaraza chenye joto.

Angalia pia dirisha la aluminiamu la kusukuma: hata ukilisukuma hadi mwisho, nusu yake inabaki imezibwa. Nimeona hata nusu iliyobaki ikizuiwa na kabati la mafaili! Na dirisha la upande mmoja halitoshi. Yanatakiwa mawili yanayotazamana, ili kusi au kaskazi ikivuma, upepo uingie huku utokee kule.

Na mbu?

Weka wavu, ila uoshwe mara kwa mara, maana ukijaa vumbi unazuia upepo.

Mimi nisiye mjenzi nifanye nini?

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, sema mapema pale mapokezi ili usikae ndani na wengine, na upimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Ukiwa kwenye foleni, keti kibarazani au karibu na dirisha, na omba lifunguliwe. Ni haki yako.

Ukiwa na zahanati, iwe Mbagala au Tegeta, hamishia benchi la kusubiri nje, chini ya paa. Kisha panga chumba cha daktari ili hewa itokee nyuma ya daktari, impitie mgonjwa na kutoka dirishani. Feni nayo ielekezwe hivyohivyo.