Kupona baada ya dawa si kuponywa na dawa

"Dokta, nipe zile za rangi mbili. Juzi nilimeza, mafua yakakata."

Sentensi hii naisikia kwenye duka langu la dawa mfululizo baridi ya Juni ikiingia, na imenichosha, kwa sababu anayeisema si mjinga. Ameumwa kweli, amemeza kweli, amepona kweli. Kosa lipo kwenye kiungo alichokiweka mwenyewe katikati: kwa kuwa nafuu imekuja baada ya kidonge, basi kidonge ndicho kilicholeta nafuu. Wahenga walishalimaliza hili: jogoo awike asiwike, kutakucha.

Ukweli ni kwamba mafua huletwa na virusi. Amoksilini, ndiyo hiyo ya rangi mbili, huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa kuta zao, na virusi havina kuta hizo. Mafua ya kawaida hukaa kama siku saba hadi kumi, na hukaba zaidi siku ya pili na ya tatu. Na wateja wangu huja lini? Siku hiyohiyo ya tatu, makamasi yamegeuka rangi, kichwa kinagonga, uvumilivu umeisha. Kuanzia hapo mwili ulikuwa unaelekea kwenye nafuu hata kwa maji ya moto na usingizi. Sifa zote zinakwenda kwa kidonge.

"Lakini hata mwaka jana nilimeza nikapona." Kurudia hakusaidii, kwa sababu kinachokosekana ni kilekile: mtu aliyeumwa kama wewe asimeze kitu. Ndiyo maana namheshimu sana James Lind, tabibu wa meli ya Kiingereza. Mwaka 1747 alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, wote wakila chakula kimoja, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na tiba yake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka. Angewapa wote siki, kisha mmoja akapata nafuu, leo tungekuwa tunasifu siki.

Kwa hiyo ukiambiwa "nilifanya hivi, ikawa hivi", uliza swali moja kabla ya yote: na wasiofanya, ilikuwaje? Namwambia hivyo kila mteja, awe na haraka au asiwe nayo.

Sing'ang'anii bure. Kidonge kisichohitajika huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu, na mzigo mkubwa zaidi, ukilinganisha na idadi ya watu, ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Ukipumua kwa shida, homa ikikataa kushuka, au mtoto akikataa kunyonya, nenda kituo cha afya upimwe. Usije kaunta kuniagiza dawa kwa rangi.

Utetezi wa wateja hauishii hapo. "Watu wote wale hawawezi kukosea." Wanaweza. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha dawa ya mchungaji aliyedai inaponya magonjwa sugu, UKIMWI ukiwemo. Aliyekuwa foleni hakuwa amepona, alikuwa amesikia. Wapo walioacha ARV zao, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, na hilo linaniuma hadi leo.

"Babu yangu alivuta sigara hadi miaka 90." Babu unamwona kwa kuwa amebaki. Wenzake waliokufa na miaka 55 hawapo barazani kukujibu. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu 1951 kwa nusu karne walionyesha kwamba mvutaji wa maisha hupoteza wastani wa miaka kama 10.

"Ni ya asili, haina madhara." Muhogo mchungu ni wa asili, na usipoandaliwa vizuri hupoozesha miguu.

"Daktari mwenyewe anavuta, ataniambia nini?" Atakuambia sigara inaleta saratani ya mapafu, na itabaki kweli hata kama anayo mkononi. Jadili tabia yake siku nyingine. Leo jibu hoja yake.