Kilichowaleta darasani

Nafundisha elimu ya kilimo chuoni, na kila wiki ya kwanza ya masomo huwapa wanafunzi wapya kipande cha karatasi waandike, bila jina, kilichowaleta. Sijawahi kupokea karatasi iliyosema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Maneno hayo yamejaa kwenye hotuba na mabango. Kwenye karatasi zangu hayamo. Napata haya: "Alama za udaktari hazikutosha." "Shangazi ni daktari wa mifugo." "Nilifuga sungura." "Sijui, nitaona."

Karatasi ya alama kutotosha zamani ilinikera. Nilimwona mwandishi wake kama mgeni aliyekosea nyumba. Siku hizi simhukumu, kwa sababu nimejifunza kwamba namna mtu alivyoingia haisemi mengi kuhusu atakavyokaa.

Chukua Norman Borlaug, ambaye ngano yake fupi, isiyoanguka na inayostahimili ugonjwa wa kutu, ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970. Alizaliwa shambani, Iowa, Marekani, lakini chuoni alisomea misitu, na kazi aliyoitarajia ilikuwa ya misitu. Akiwa karibu kumaliza shahada yake Minnesota, alihudhuria mhadhara wa Elvin Stakman, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, kuhusu kutu, kuvu wadogo wanaovamia nafaka na kubadilika kila mkulima anapodhani amewashinda. Baadaye ile kazi ya misitu ikafutwa kwa kukosa bajeti. Borlaug alimwendea Stakman kuuliza kama asomee magonjwa ya miti. Stakman akamshauri asomee magonjwa ya mimea kwa upana wake. Mlango mmoja ulifungwa, ndiyo, lakini milango hufungwa kwa watu wengi kila siku. Yeye alikuwa na swali ambalo lilishamwingia kichwani, na mtu wa kumwendea.

Huyo mtu wa kumwendea hujitokeza mno kwenye maisha ya watu wa fani hii. George Washington Carver, aliyekuja kuwa mwanasayansi maarufu wa kilimo, alikuwa akisomea sanaa katika chuo cha Simpson. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea, akamshawishi ahamie Iowa State akasome botania, elimu ya mimea. Akahama mwaka 1891. Barbara McClintock alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo cha Cornell alipochukua kozi ya jenetiki, elimu ya urithi wa sifa, mwaka 1921. Kozi ilipokwisha, mwalimu wake, C. B. Hutchison, alimpigia simu kumkaribisha kwenye darasa la wanafunzi wa shahada za juu. McClintock mwenyewe alisema simu hiyo ndiyo iliyoamua maisha yake. Mwaka 1983 alipata Nobel kwa alichokigundua kwenye mahindi. Budd na Hutchison hawakuwavuta kwa hotuba kuhusu umuhimu wa kilimo. Walimtazama mwanafunzi mmoja, wakaona kitu, wakamwambia.

Wanasaikolojia wana maelezo ya jambo hili. Mwaka 1977 Albert Bandura aliandika kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe, na mwaka 1994 Lent, Brown na Hackett wakaitumia imani hiyo kueleza jinsi watu wanavyochagua kazi. Kwa kifupi, mtu huvutwa na kazi anayoamini ataiweza na anayotarajia itamlipa kitu anachokithamini. Kutiwa moyo husaidia, na kumwona mtu unayefanana naye akifaulu husaidia pia. Lakini chanzo chenye nguvu kuliko vyote, kwa Bandura, ni kufanya jambo mwenyewe na kuliweza.

Hapo ndipo shule nyingi zinapoharibu. Mwanafunzi aliyechelewa anapewa jembe. Aliyepiga kelele anapewa jembe. Kisha kipindi cha kilimo kinaingia, mwalimu anaandika ubaoni aina za udongo, na anashangaa kwa nini darasa limesinzia. Jembe limekwisha kufundisha somo lake: kwamba shambani ndiko wanakopelekwa waliokosa. Hata shamba la shule lisilo la adhabu lina kasoro yake, kwa sababu mara nyingi ni la wote, na mavuno yake mwanafunzi hayaoni.

Rufus Stimson alishughulika na kasoro hiyo zaidi ya karne moja iliyopita, huko Massachusetts. Katika shule ya kilimo aliyoiongoza kuanzia 1908, kila mwanafunzi alikuwa na mradi wake nyumbani, akiweka hesabu zake, huku mwalimu akimtembelea. Wazo hilo liliingia hadi kwenye sheria: Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 nchini Marekani ilitaka wanafunzi wa kilimo wafanye kazi ya vitendo chini ya usimamizi kwa angalau miezi 6 kila mwaka. Daftari la mapato na matumizi, kwa maoni yangu, lina kazi kubwa kuliko jembe lenyewe. Kijana anayejua kuku wake wamekula kiasi gani na wametaga mangapi hawezi tena kudanganywa kwamba kilimo ni nguvu tu.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Bila shaka zina uzito, na anayemwambia kijana afuate moyo bila kuuliza ardhi na mtaji vitatoka wapi hamtakii mema. Ila nimeona kwamba wengi hawaikimbii hasara yenyewe. Wanakimbia kutojua itatoka wapi. Ndiyo maana kukulia shambani ni upanga ukatao kuwili. Mmoja huja kwa sababu alimwona mzazi akiishi vizuri kwa ng'ombe wake. Mwingine alimsikia mzazi, usiku wa mavuno mabaya, akisema, "Soma, mwanangu, usije ukawa kama mimi." Huyo wa pili naye huja wakati mwingine, kwa hasira, akitaka kujua nini hasa kilimshinda baba. Huwa mwanafunzi mzuri sana.

Wa sungura nilikuja kumjua baadaye, kwenye maabara. Alikuwa na sungura 11 utotoni, karibu wote wachanga, waliotoka tu kuachishwa kunyonya. Matumbo yalivimba, wakaharisha, na ndani ya wiki moja banda likawa tupu. Nyumbani wakamwambia ni bahati mbaya. Alikaa na jibu hilo miaka minane bila kuliamini. Siku tuliyochunguza sampuli za kinyesi kutafuta koksidia, vimelea wadogo wanaoshambulia utumbo, alishika darubini muda mrefu kuliko zamu yake, wenzake wakaanza kunung'unika nyuma yake. Alirekebisha lenzi, akainama tena, na nikamsikia akisema polepole, kama anayeongea na watu waliomo humo ndani: "Kumbe ni nyinyi."