Kalenda ya shule: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Tukiongeza wiki mbili, watoto watasoma zaidi.

Kalenda ya shule ya Kenya ya 2025 ilikuwa na wiki 36: 13 za muhula wa kwanza, 14 za pili na 9 za tatu. Mwanafunzi wa sekondari msingi ana vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Wiki mbili za nyongeza ni vipindi 80. Sasa chukua kipindi kimoja tu kinachopotea kila siku: gwaride la asubuhi limevuta mpaka saa tatu kasoro, mwalimu yuko mkutanoni, feri ya Likoni, hapa Mombasa, imewachelewesha wanafunzi wa ng'ambo ya pili. Siku 5 mara wiki 36 ni vipindi 180, yaani wiki nne na nusu, na mtoto yuko shuleni na sare yake. Mzazi anayetaka mabadiliko aanzie hapo. Kwenye kikao cha wazazi, aombe kuona fomu ya mahudhurio ya vipindi ambayo kiranja wa darasa hujaza, na ahesabu vilivyofundishwa wiki iliyopita. Shule isiyoweza kuonyesha hesabu hiyo haina haja ya kuongezewa siku.

Dhana: Likizo za Novemba na Desemba zikatwe tu.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufanywa Novemba, na wasahihishaji ni walimu hao hao wanaofundisha. Mtihani usipohamishwa kwanza, likizo haikatiki. Kubana mihula nako tulikuonja: mwaka 2021, baada ya shule kufungwa Machi 2020, mihula minne iliingia ndani ya mwaka mmoja. Karo ikadaiwa mara nne, na familia nyingi za hapa, utalii ukiwa umelala, hazikuwa nayo.

Dhana: Kalenda ya sasa inafaa kila mahali.

Hapa Mombasa haifai sana. Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hapo ndipo muhula wa kwanza umepamba moto. Agosti, hali ya hewa ikiwa imepoa, watoto wako likizoni. Lakini kalenda hutoka Wizara ya Elimu, si kaunti. Kilicho mikononi mwa shule ni ratiba: Hisabati na Sayansi ziwekwe kabla ya saa sita, michezo isogezwe jioni, na darasa la mabati litiwe dari kabla ya kununuliwa feni. Chini ya bati tupu, feni huzungusha hewa ile ile ya moto.

Dhana: Likizo ipangwe Ramadhani, tumalize.

Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. 2026 imeangukia Februari na Machi. Kufikia 2032 itakuwa ndani ya likizo ya Desemba bila mtu kugusa kalenda. Likizo ya tarehe maalumu itaikosa baada ya miaka michache. Kinachosaidia ni shule kuanza mapema na kufunga mapema mwezi huo.