Reli ya Kifo haikuua wanajeshi wazungu tu

Ukifika Kanchanaburi, Thailand, kila kitu kinakuelekeza kuamini kwamba waliokufa kwenye Reli ya Kifo, iliyojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ni mateka wa vita kutoka Uingereza, Uholanzi na Australia. Makaburi yao karibu 7,000 yapo katikati ya mji, nyasi zimekatwa vizuri, kila jiwe na jina lake. Makumbusho ya vita yaitwayo JEATH, yaliyofunguliwa 1977 kandokando ya mto, yana kibanda cha mianzi mfano wa vile walivyolala mateka.

Hayo ni kweli, ila ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Jeshi la Japani lilijenga reli hiyo ya kilomita 415 kuelekea Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1942 na 1943. Mateka walikuwa kama 60,000, wakafa zaidi ya 12,000. Vibarua wa Kiasia, yaani Watamili wa Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), Waburma, Wajava na wengineo, kwa makadirio yanayotajwa sana walizidi 200,000, na waliokufa huenda wakafikia 90,000. Kipindupindu kilifyeka kambi zao, ambazo hazikuwa na madaktari kama waliokuwamo miongoni mwa mateka.

Mbona basi hawaonekani? Majeshi huandika orodha za watu wao na kurudi kutafuta miili yao. Kibarua aliyezikwa porini bila kuandikwa hakuwa na wa kumtafuta. Cha ajabu, mnara uliopo karibu na daraja la reli hiyo mjini Kanchanaburi, uliojengwa 1944 kuwakumbuka wafu wa reli hiyo, uliwekwa na Wajapani wenyewe.